Nyumba Iliyongoja Mwenyewe

Nyumba ya Fanuel ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu. Ilikuwa na mabati ya rangi ya damu ya mzee, madirisha ya vioo, tangi la maji ubavuni, na veranda ambayo fundi alisema unaweza kuandalia harusi. Ilisimama kwenye mteremko wa Awasi, mahali ambapo tope la Kano huishiwa nguvu, na mtu akikaa mlangoni aliuona uwanda wote chini yake: mashamba ya mpunga, mapaa ya watu, na mstari wa miti unaoonyesha mto Nyando unakopita. Fanuel aliijua nyumba hiyo kwa picha tu. Aliitazama ikipanda ndani ya simu yake, tofali juu ya tofali, akiwa amejilaza kwenye kitanda cha juu katika chumba cha watu wengi kule Al Baraha, Dubai.

Mafundi walipomaliza walifunga mlango kwa kufuli, wakampa Lois mkewe ufunguo. Lois akautia kwenye mkoba wake wa kanisani, akateremka kurudi kwenye nyumba ya udongo karibu na mto, alikoishi na watoto wao wawili, Judy na Duncan. Akangoja.

Alikuwa akimngoja mumewe, kwa sababu kwao Wajaluo nyumba mpya haiingiliwi ovyo. Mume na mke huingia pamoja, huwasha moto wao, hulala humo usiku wa kwanza, ndipo nyumba inakuwa nyumba. Mke akitangulia kulala humo peke yake ni kama amejitangazia ujane. Siku hizi wengi huyacheka mambo hayo. Fanuel naye aliyacheka, hasa akiwa na watu wa kanisa. Lakini hakuwahi hata siku moja kumwambia mkewe aingie.

Ukweli ni kwamba aliitaka siku hiyo ya kuingia. Alikuwa ameshaiona kichwani: baba yake mdogo, mzee Japhet, ametangulia na moto, yeye Fanuel nyuma yake na jogoo mkononi, Lois nyuma yao, na majirani wamejipanga kando wakitazama. Na miongoni mwa hao majirani wawepo wale waliomcheka alipoacha shule darasa la sita akaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Mtu aliyeondoka kijijini akiwa hana chochote ana haki ya kutazamwa siku moja. Kwa hiyo alipanga likizo yake mwezi wa Aprili, akakata tiketi, akanunua suti.

Halafu mvua ikanyesha Dubai.

Ilinyesha kama mtu aliyekosea anwani, akaona aibu kurudi na mzigo, akaumwaga wote pale pale. Barabara ziligeuka mito. Magari ya thamani yalielea kama mabeseni. Maegesho ya chini ya majengo yalijaa hadi dari, ndege zikasimama, na watu wakavuka mitaa wakiwa wamebeba viatu vichwani. Ndege ya Fanuel ilikuwa miongoni mwa zile zilizosimama, na hapo hakuwa na kosa.

Kosa lilikuja baadaye, ndege zilipoanza kuruka.

Fanuel alikuwa mtu wa pampu kwenye lori la kunyonya maji taka. Ni kazi ambayo watu huziba pua wakipita karibu. Kwa miaka yote aliyokaa Dubai, hakuna mtu aliyewahi kuufurahia ujio wa lori lake. Wiki ile mambo yaligeuka. Wenye nyumba walilikimbilia lori barabarani wakilisimamisha kwa mikono miwili. Mabwana waliovaa suruali zilizokunjwa hadi magotini walimwita "sir". Madamu mmoja wa Jumeirah Village Circle alimteremshia chai kwa ngazi kutoka ghorofa ya saba, kwa kuwa lifti ilikuwa imezama. Arbab wao, yaani bosi mwenye lori, Humoud, mtu ambaye kwa kawaida alizungumza na wafanyakazi kupitia kioo cha gari, alishuka, akakanyaga maji, akampa mkono.

"Fanuel, nani mwingine anaijua ile pampu kubwa? Nipe wiki mbili. Baadaye uende, inshallah."

"Hakuna shida, arbab," Fanuel alisema.

Alisema kabla hajafikiri, na kabla hajampigia mkewe. Hakuna aliyemfunga kamba. Baadaye alipojaribu kukumbuka kama alilazimishwa, hakukumbuka hata kukunjiwa uso. Alipendezwa tu kuhitajiwa.

Mwenzake kwenye lori alikuwa Hashir, dereva, Mpathani wa milimani huko Pakistani, mtu mrefu mwenye ndevu za rangi ya hina. Walizungumza lugha yao wenyewe, nusu Kiarabu cha kazini, nusu Kiingereza cha kuokota, na walielewana kuliko ndugu wengi. Mchana mmoja waliketi ukingoni mwa barabara Discovery Gardens, wakila chapati na maharage huku pampu ikinguruma nyuma yao, na Hashir akaanza kusimulia mto wa kwao.

"Theluji inakaa mlimani msimu wote wa baridi," alisema. "Jua la masika likiipiga, inateremka kidogo kidogo, na hiyo si neno, tunamwagilia ngano. Shida ni mvua kubwa ikianguka juu ya ile theluji. Hapo vyote viwili vinashuka pamoja. Mto unakuja na miti mizima. Unakuja na mawe kama hili lori. Mwaka huu imenyesha hivyo hivyo."

"Na watu wako?"

"Nimempigia kaka yangu, nimemwambia apandishe kila mtu. Wako juu, kwenye banda la mbuzi."

"La nani?"

"Sijui. Mwenyewe yuko Karachi."

"Mliomba ruhusa?"

Hashir alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la punda. "Ruhusa ya nini? Maji yanakuja."

Fanuel alicheka. Akamweleza kwamba kwao hakuna theluji, lakini tabia ya mto ni hiyo hiyo. Mvua hunyesha juu, Nandi, wakati Kano jua linawaka na watu wameanika mpunga. Mto huja mchana kweupe, mwekundu, umejaa magogo, na mtu ambaye hakuona hata wingu hujikuta kiunoni kwenye maji.

"Basi watu wako je?" Hashir aliuliza.

"Mimi nina nyumba juu. Ya matofali." Alitoa simu akamwonyesha picha. Hashir aliitazama sana, akaisifu veranda.

"Wamo ndani?"

"Bado," Fanuel alisema, akaifuta simu kwa shati akairudisha mfukoni.

Jioni ya siku hiyo Lois alipiga. Fanuel alikuwa kitandani, miguu imelowa hadi ngozi imejikunja kama ya kuku aliyechovywa maji moto.

"Baba Judy, mto umebadilika rangi," Lois alisema. "Na tuta la kuzuia mto upande wa daraja limeanza kuvuja. Vijana wanaweka magunia ya mchanga, lakini ni kama kuziba kikapu."

"Si nimekuambia nakuja."

"Lini?"

"Wiki ijayo, inshallah."

"Usiniletee inshallah, mimi si arbab wako. Niambie siku."

Fanuel akauliza habari za ng'ombe. Lois akamjibu kwamba ng'ombe wameshapandishwa kwa mjomba wake, wao wana bahati, hawangoji mtu. Kisha akashusha sauti.

"Nilikuwa nauliza kama tuhamie juu. Mimi na watoto. Tungelala tu, vitu vingine tungeviacha mpaka uje."

Hapo ndipo angesema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake akasema mvua ya Aprili ni ya kelele tu, kwamba tuta limeshavuja mara nyingi na halikuvunjika, kwamba wavumilie kidogo. Alipokuwa akiyasema alijua anadanganya. Alikulia kwenye ukingo wa mto ule.

Kwenye kitanda cha chini alilala Nassor wa Mombasa, aliyefanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo hapo hapo mtaani. Alikuwa na masikio makubwa na mdomo usio na mlango.

"Wewe bwana," alisema simu ilipokatika, "una nyumba kavu mlimani na mke umemwacha matopeni?"

"Hujui mila zetu."

"Sizijui kweli. Sisi nyumba mpya tunasoma maulidi, tunapika pilau, tunaingia. Shehe akichelewa tunamngojea ndani, pilau likiwa linaliwa."

"Nyinyi kila kitu pilau."

"Na nyinyi kila kitu kufa. Mjaluo akijenga choo lazima aulize nani atakufa."

Wenzao chumbani walicheka, na Fanuel akacheka pia, akajigeuzia ukutani.

Tuta lilivunjika siku chache baadaye, asubuhi. Fanuel hakujua. Alikuwa chini ya jengo huko Jumeirah Village Circle, kwenye maegesho ambayo hayakuwa na mtandao wa simu, maji yamemfika magotini, anavuta nyaya za pampu kutoka nguzo hadi nguzo. Alipopanda mchana kupumua, simu ililia mfululizo kwa taarifa za simu zilizokosa kupokelewa. Nyingi zilikuwa za Lois. Kabla hajampigia, ikaingia ya baba yake mdogo.

"Fanuel, uko hai?"

"Niko hai, baba mdogo. Kwani vipi?"

"Basi shukuru. Mkeo ameingia nyumba mpya. Amepandisha magodoro, amewasha moto. Nimemkuta anakoroga uji kama mwenye kwake."

"Na mto?"

"Mto umevunja tuta. Maji yako dirishani mwa nyumba yenu ya zamani. Sikatai, nimeyaona kwa macho yangu. Lakini shule iko wazi, kanisa liko wazi, watu wote wamekwenda huko. Yeye ni nani asiende? Akilala humo usiku wa leo, mwanangu, kesho nitakuwa nazungumza na nani kwenye simu hii? Na unajua mwenyewe kazi unayofanya. Maji na umeme."

Fanuel alitazama waya aliopanda nao, ungali mkononi mwake. Ulikuwa waya ule ule wa kila siku, mweusi, umefungwa utepe mahali ulipochubuka. Alikuwa ameushika mara ngapi? Sasa aliuweka chini taratibu kama mtu anayeweka nyoka. Yale mambo aliyoyacheka kanisani yalimpanda kutoka miguuni, pamoja na baridi ya maji.

"Nitazungumza naye," alisema.

Lois alipokea simu ikilia mara ya kwanza. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo Fanuel hakuweza kulisahau baadaye, kwamba alikuwa na furaha.

"Baba Judy, tuko juu. Nimekupigia tangu asubuhi. Tumetoka na maji kifuani, Judy amembeba Duncan mabegani, lakini tuko juu, tumekauka. Hebu msikie huyu mwanao."

Fanuel alimsikia Duncan akikimbia. Nyumba ilikuwa tupu, na nyayo za mtoto zilipiga mwangwi chumba hadi chumba. Ndivyo alivyoisikia nyumba yake kwa mara ya kwanza.

"Mama Judy," alisema, "toka humo."

"Unasema?"

"Toka. Nenda shuleni na wengine. Ni kwa siku chache tu. Nije tuingie pamoja, tuifanye inavyotakiwa."

"Mvua inanyesha."

"Jifunikeni karatasi ya nailoni."

"Duncan anakohoa. Na huko shuleni nimepita, watu wamelala juu ya watu. Baba Judy, nimeomba Mungu nikiingia. Nimesimama mlangoni nikakutaja jina lako. Kuna ubaya gani?"

Hashir alikuwa amesimama kando akisubiri washushe mpira wa pampu, na Fanuel akampa mgongo.

"Lois," alisema, na kwa kawaida hakumwita jina, "unataka nife huku?"

Mvua ilisikika kwenye yale mabati mapya, nzito, kama watu wanaomwaga kokoto.

"Sitaki ufe," Lois alisema. "Haya."

Hakukata simu mara moja. Labda alisahau. Fanuel akamsikia akisema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi, "Judy, kunja lile godoro." Kisha simu ikafa.

Hashir aliuliza kuna nini, na Fanuel, kwa kuwa hakuzoea kumficha kitu, akamwambia. Alimweleza yote, mila na mto na nyumba, akitarajia Hashir angalau aulize swali. Hashir hakuuliza. Alishuka akaukunja mpira wote peke yake, kazi ya watu wawili, na njia nzima ya kurudi alifungulia redio.

Nassor ndiye aliyesema. Walikuwa wakila wali chumbani, sahani kwenye magoti.

"Ulimwambia atoke? Kwenye mvua?"

"Achana na mimi, Nassor."

"Nimeachana. Nauliza tu."

"Naogopa. Haya, umefurahi? Kila mtu anaogopa kufa."

"Kila mtu, naam," Nassor alisema, akichambua mwiba wa samaki. "Lakini si kila mtu humtoa mkewe akalowe ili yeye abaki mkavu."

Fanuel aliweka sahani chini akasimama. Walidhani atampiga. Alikwenda bafuni akafungua maji, akakaa humo mpaka wengine wakagonga mlango.

Kuanzia siku hiyo simu ya Lois haikupatikana. Fanuel alipiga akiwa kazini, akapiga akiwa kwenye basi la wafanyakazi, akapiga akiwa kwenye foleni ya choo. Alitazama video za watu wengine, maji mekundu yakipita juu ya barabara ya Ahero, akazisimamisha na kuzikuza akitafuta leso ya mkewe anayoijua. Baba mdogo alimhakikishia kwamba wako salama shuleni, na kwa hilo Fanuel akapata nafuu, kisha akaona haya kwa nafuu hiyo. Hakufa. Umeme haukumgusa. Alirudi chumbani kila jioni akiwa mzima, na kila jioni uzima ule ulimlemea zaidi.

Mwishowe Judy alipiga kwa simu ya mwalimu. Alikuwa na umri wa kuanza sekondari, na alizungumza na baba yake kama karani.

"Tunalala darasa la nne, sisi na watu wengine. Duncan alikuwa na homa lakini amepewa dawa, ameshaanza kusumbua. Simu ya mama iliingia maji tulipokuwa tunatoka."

"Mlipotoka nyumba ya chini?"

"Hapana. Tulipotoka ya juu. Maji ya mvua. Mama alikuwa amemfunika Duncan na karatasi, yeye hakubaki na kitu."

"Mama yuko wapi nizungumze naye?"

"Amekwenda juu kwa nyumba."

"Kufanya nini?"

"Kuwapelekea watu unga," Judy alisema, na mwalimu akaitaka simu yake.

Watu gani, baba mdogo ndiye aliyemweleza, akipumua kwa hasira. Asubuhi ya pili baada ya kutoka, Lois alikuwa amempa ufunguo bibi mmoja mjane kutoka Kakola, aliyekuwa amelala chini ya mti na wajukuu wanne kwa sababu shule ilikuwa imeshajaa. Bibi aliingia, wengine wakamfuata. Sasa kulikuwa na mvuta mkokoteni na mkewe aliyejifungua humo humo, na watu wengine ambao mzee hakuwajua hata kwa ukoo.

"Wamelala humo, Fanuel. Wamewasha moto humo. Mtoto wa mtu mwingine amezaliwa humo kabla wewe mwenyewe hujakanyaga. Hiyo nyumba si yako tena. Hata nije na majogoo kumi, siwezi kukuingiza. Na mkeo alijua. Alijua kabisa alichofanya."

Fanuel alikwenda ofisini kwa arbab asubuhi iliyofuata. Alikuwa amejiandaa kuomba, hata kupiga magoti. Humoud alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi.

"Mafuriko? Kwenu?" alisema. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyoniomba nikae. Yalikuwa yanaanza."

"Na hukusema?" Humoud alionekana kweli ameshangaa, hata akaumia kidogo. "Mimi si mtu mbaya, Fanuel. Ungesema, ungeondoka siku ile ile. Pampu ningempa Hashir. Yalla, nenda. Khalas, yamekwisha."

Hivyo ndivyo alivyopata kujua kwamba hata pampu haikuwa imemhitaji.

Alitoka akasimama kivulini chini ya jengo, karibu na ile ofisi ya mizigo alikofanya kazi Nassor, mahali ambapo masanduku ya watu yalikuwa yakifungwa kwa utepe kwenda makwao. Akapiga namba mpya ambayo Judy alimtumia. Lois alipokea. Nyuma yake palikuwa na kelele za watoto wengi na sauti ya sufuria.

"Nimepata likizo," Fanuel alisema. "Nafika kesho kutwa."

"Vizuri. Watoto watafurahi kukuona."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa Kisumu. Dada yangu amenipatia kazi ya jikoni hotelini, na Judy amepata shule huko. Duncan nakwenda naye. Utatukuta kwa dada."

"Mama Judy, nimekosa."

"Najua."

"Nilimsikiliza baba mdogo."

"Baba mdogo ni mzee, anasema ya wazee. Alinisimamia pale mlangoni akipiga kelele, na mimi nilikuwa namkorogea uji. Ningempa uji akaondoka." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Sikutoka kwa sababu yake. Nilitoka kwa sababu nilisikia sauti yako ikiogopa. Nikasema, kama huyu anaogopa hivi, siwezi kulala. Nikamfunika mtoto tukatoka. Lakini njiani nikawaza, mtu huyu ameniuliza kama nataka afe. Hakuniuliza kama sisi tunaweza kufa."

Fanuel aliegemea ukuta. Kijana wa mizigo akamwomba asogee, akasogea.

"Na ufunguo," alisema. "Ulifanya kwa kunikomesha?"

Lois alifikiri. Hilo lilikuwa jambo lake la siku zote, hakujibu kabla ya kufikiri.

"Kidogo," alisema. "Siwezi kukudanganya. Kidogo kilikuwa hicho. Lakini yule bibi alikuwa ameloa, na wajukuu wanatetemeka, na mimi nina ufunguo wa nyumba nzima mkobani. Ulinikataza mimi, hukumkataza yeye. Mila yako haimdai chochote."

"Tutajenga nyingine."

"Nani na nani?"

Fanuel angeweza kusema mimi na wewe, lakini neno lilikuwa kubwa kwake pale kivulini. Lois naye hakulisukuma.

"Ngoja," alisema. "Huyu bibi amesikia ni wewe, anataka kukushukuru. Nimemwambia ni wewe uliyesema waingie. Ningemwambia nini kingine? Usimharibie."

Kabla Fanuel hajakataa, simu ilishabadilisha mikono. Ilikuwa sauti kavu ya mwanamke mzee ambaye hajazoea simu, akipaza kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Alizungumza Kijaluo cha zamani, kile ambacho Fanuel alikisikia mara ya mwisho kwa bibi yake mwenyewe.

"Mwanangu, wewe ndiye Fanuel? Mimi hunijui. Nyumba yako ina joto. Wajukuu wangu wote wanne wako hai kwa ajili yako. Nimezika mume, nimezika watoto, sijawahi kuona mtu anayefungua nyumba ambayo yeye mwenyewe hajailalia. Nani hufanya hivyo? Hata ndugu hafanyi hivyo. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Jana kulizaliwa mtoto hapa, wa kiume. Tumempa jina lako."

Fanuel alifunga macho. Alitaka kumwambia. Maneno yalimfika kooni, kwamba hakuwafungulia, kwamba kama angeulizwa angekataa, kwamba wanawe mwenyewe alikuwa amewatoa. Lakini Lois alikuwa amesimama pale pembeni ya yule bibi akisikiliza, na alikuwa amemwomba jambo moja tu.

"Asante, mama," alisema. "Kaeni. Kaeni mpaka maji yaishe, na yakiisha kaeni tu."

"Mungu akupe maisha marefu, mwanangu," bibi alisema, na akaanza kumwombea, polepole, akitaja miguu yake na mikono yake na macho yake kimoja kimoja, asipatwe na lolote huko ugenini, awe mzima, aishi mpaka azeeke. Fanuel alisimama na simu sikioni, akayapokea yote.